Uchungu wa Haiumi

Kwenye kliniki ya meno iliyokuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, alikuwepo mwanamke aliyelipwa mshahara kwa kusema uongo. Usimfikirie vibaya. Kwenye mkataba aliandikwa msaidizi wa daktari wa meno, na kweli alichemsha vyombo, akakoroga dawa ya kuziba, akashika bomba la kunyonya mate na kuwafunga wagonjwa kitambaa shingoni. Lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye kile kiti aliijua kazi yake halisi. Daktari alipoinua sindano, yeye alikishika kiganja cha mgonjwa, akainama mpaka sikioni, akasema, "Haiumi." Aliwaambia hivyo wazee, askari na watoto waliopiga mateke taa, kwa miaka tisa, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, sokoni, hata kwa daktari mwenyewe, alikuwa Haiumi.

Alikuwa na sentensi nyingine ya akiba. Mgonjwa akishadungwa na bado anajikunja, alimwambia, "Hayo siyo maumivu, unasikia kusukumwa tu." Aliisema kwa upole wa kuaminika kabisa, huku akiwaza mchana atakula nini.

Hata mume alimpatia kazini. Alikuwa fundi wa viyoyozi, mtu wa kuning'inia nje ya ghorofa ya tisa akipiga mluzi, lakini akiona sindano miguu inamwisha nguvu. Alikuja kung'oa jino, akaambiwa haiumi, akaamini, na akaushika ule mkono kwa nguvu zake zote. Jino likatoka, damu ikakauka, ganzi ikaisha, mkono bado kaushika. Daktari ndiye aliyemkumbusha kwamba nje kuna foleni. Miaka miwili baadaye walikuwa mume na mke, na mwaka wa tatu Haiumi akawa mjamzito.

Kuhusu kuzaa, Haiumi hakuwa na haja ya kuumiza kichwa. Mtu anayeshinda na ganzi kutwa nzima atazaaje bila ganzi? Kule alikokwenda kupima mimba walimweleza kuhusu sindano ya mgongoni, wakampa karatasi yenye swali moja: "Je, ungependa dawa ya kupunguza uchungu?" Chini yake palikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Alitaka kutia alama ya Ndiyo pale pale, akakosa kalamu. Laiti angeazima, maana wiki ile ile mama mkwe wake aliwasili.

Mama mkwe alikuwa mpishi mstaafu wa shule ya bweni. Miaka thelathini ya kupikia watoto mia nne ilimwachia tabia ya kukoroga chai kwa nguvu za mtu anayesonga ugali, na ya kuzungumza sebuleni kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya uwanja. Alikuja na mabegi mawili kumsubiri mjukuu. Siku ya pili yake, mezani, karatasi ikatajwa.

"Ganzi?" Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Ganzi ya nini, mwanangu? Unang'olewa?"

"Ni dawa tu, Mama. Wanakuchoma mgongoni, husikii maumivu kuanzia kiunoni kwenda chini."

"Mimi nimezaa sita. Huyu mumeo alikuja ametanguliza makalio, na sikutoa sauti. Jirani alidhani nimelala."

Fundi wa viyoyozi aliinamia sahani yake. Hakuna mwanamume anayejua aweke wapi macho wakati makalio yake yanajadiliwa mezani.

"Sasa nikuulize swali moja," Mama mkwe akaendelea, na safari hii alishusha sauti, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili mbaya. "Usipousikia uchungu, utakuwa na uchungu naye?"

Na hapo ndipo lugha yetu wenyewe ilipomgeuka Haiumi. Uchungu ni huu wa kuzaa. Uchungu ni ule pia anaokuwa nao mtu na kilicho chake, ule unaomfanya mama ainuke kitini kabla hajajua kwa nini ameinuka. Neno moja, na Mama mkwe alikuwa amelishika sehemu zote mbili. Haiumi alifungua mdomo ajibu, akaishia kuomba sukari.

Tatizo ni kwamba lile swali lilimkuta na siri yake. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mzee mmoja alilia kwenye kiti, akalia kweli, machozi yakamwingia masikioni. Haiumi alikuwa amemshika mkono, amesema maneno yote yanayotakiwa. Kisha akajishtukia kwamba muda wote alikuwa anahesabu vigae vya dari. Vilikuwa arobaini na nane. Tangu siku ile alikuwa akijichunguza chini chini, na hakupenda alichokiona. Watu waliumia mbele yake na yeye hakusikia kitu. Je, kama ganzi ya kazini ilikuwa imeshamwingia, halafu akaongezewa nyingine mgongoni, huyo mtoto atapokelewa na nani? Aliogopa maumivu, ndiyo, lakini hili aliliogopa zaidi, na hakumwambia mtu.

Karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku. Haiumi akatia alama ya Ndiyo kwa penseli. Jioni yake, baada ya Mama mkwe kusimulia upya kuzaliwa kwa mtoto wake wa nne, akaifuta, akatia ya Hapana. Asubuhi akagonga kidole chake cha mguu kwenye mguu wa kitanda, akaenda moja kwa moja kwenye friji kuifuta Hapana. Mchezo huo ulimchukua wiki nzima na kifutio kizima. Mumewe aliulizwa maoni, akasema, "Mke wangu, mimi nakubaliana na wewe." Akaulizwa anakubaliana na lipi, akakumbuka kwamba ana kiyoyozi kinavuja mahali.

Kisha, wiki tatu kabla ya siku aliyotabiriwa, gego la Mama mkwe likaamka.

Mama wa watoto sita, mwanamke wa chuma, alilala chali kwenye kiti cha kliniki, kitambaa shingoni, akamtazama daktari kwa jicho la pembe. "Hiyo ganzi," alisema, "mnayo ya kutosha?"

Daktari akamhakikishia ipo. Alikuwa mtu wa maneno machache, akachoma, akasubiri, akagusa gego kwa koleo.

"Ongeza, mwanangu," Mama mkwe akasema. "Usinionee haya."

Haiumi alikuwa amemshika mkono kama kazi yake inavyomtaka. Barakoa ilimsitiri mdomo, lakini mabega yalikuwa yanacheka yenyewe. Ganzi ikaongezwa, gego likatoka, na wakashuka ngazi polepole, mmoja na tumbo lake, mwingine na pamba mdomoni na nusu ya uso imelala.

"Najua unashotaka kushema," Mama mkwe alisema walipofika kwenye duka la rangi.

"Mimi sijasema kitu, Mama."

"Jino linatoka liende kutupwa. Mtoto anatoka aje kukaa. Nani anataka kuwa na ushungu na jino?" Alifuta mate kwenye pembe ya mdomo ambayo haikuwa inamtii. "Ukimzhaa kwa ganzhi, utamtazhama kama mgeni tu."

Haiumi alikuwa amejiandaa kucheka mpaka nyumbani. Badala yake alitembea njia nzima akiwa ameukumbatia mkoba wa mwenzake, na alipofika alikwenda kwenye friji akaifuta Ndiyo. Halafu akatia Hapana, akaifuta nayo, kwa nguvu, mpaka karatasi ikatoboka.

Uchungu ulimkuta Ijumaa asubuhi, siku yake ya mwisho kazini kabla ya likizo. Kwenye kiti alikuwepo dereva wa lori, pande la mtu, mdomo wazi, ganzi imeshika barabara, daktari ameshaliweka koleo. Haiumi aliinama sikioni akasema, "Haiumi," na papo hapo kiuno chake kikamkanusha. Akafumba macho, akashika kilichokuwa karibu. Dereva akaanza kugugumia.

"Inauma?" daktari akamuuliza.

Dereva akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kuelekea mkono wake wa kushoto, ambao vidole vyake vilikuwa vimebadilika rangi. Daktari akautazama mkono, akamtazama Haiumi, akaliweka koleo kwenye sinia.

"Nenda," alisema. Hiyo kwake ilikuwa hotuba.

Wodi ya wazazi ilimpokea saa nne asubuhi. Mumewe aliingia chumbani akiwa amebeba begi, akaliona sinia lenye mabomba ya sindano, akatoka akiwa amebebwa yeye. Nesi alimkalisha kwenye benchi la korido na glasi ya maji, na huko ndiko alikobaki. Kwa hiyo aliyekaa kando ya kitanda ni Mama mkwe, wima, mkoba mapajani.

Mkunga, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliifungua ile karatasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa pametoboka."

"Nilikuwa nafuta."

"Ulifuta nini?"

"Hapana."

"Hapana, hukufuta? Au ulifuta Hapana?"

"Nilifuta Hapana. Na Ndiyo nilifuta."

Mkunga akaikunja karatasi akaitia mfukoni. "Basi tuiache. Nakuuliza wewe mwenyewe, kwa mdomo. Unaitaka sindano?"

Haiumi alimtazama Mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anaangalia saa ya ukutani kwa makini sana, kama mtu anayesubiri iseme kitu.

"Ngoja kwanza," Haiumi akasema.

Alingoja kwa muda wa saa nne. Alijikaza kisabuni, akauma shuka, akahesabu vigae vya dari ile, akapata idadi tofauti kila mara. Hakutoa sauti. Kila wimbi lilipopita alijipekua ndani, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba, aone kama uchungu na mtoto umeshaanza kuingia. Hakukuta kitu zaidi ya hamu ya kumpiga mtu kofi.

"Mama," alisema, wimbi moja lilipomwachia pumzi. "Kweli hukutoa sauti? Mara zote sita?"

"Sikutoa."

"Uliwezaje?"

Mama mkwe aliufungua mkoba, akaufunga. "Mama mkwe wangu alikuwa nje ya mlango," akasema.

Wote wawili wakautazama mlango. Ulikuwa mlango wa kawaida, wa bluu, na tangazo la kunawa mikono.

"Wangu yuko humu ndani," Haiumi akasema.

Wimbi jingine likaja, na hilo halikuwa na masihara. Lilipopita, Haiumi alikuwa na jasho mpaka kwenye kope, na kitu kimoja kilikuwa kimemkaa wazi kichwani: alikuwa anafanya mtihani ambao hakuna aliyewahi kuusahihisha. Kama hana uchungu na mwanawe, saa nne nyingine za kuuma shuka hazingemletea.

"Nataka ganzi, Mama."

Mama mkwe akainuka, akaenda mlangoni, akaufungua, na kwa ile sauti ya kuwaita watoto mia nne mezani akasema, "Daktari wa ganzi aje huku." Korido nzima ilinyamaza. Inasemekana hata wodi ya wanaume, ghorofa ya chini, kuna mtu alisimama.

"Sijabadilisha mawazo," alisema akirudi kitini. "Naita tu."

Daktari wa ganzi alikuja, kijana mwenye sauti laini, akamtaka Haiumi akae ukingoni mwa kitanda, apinde mgongo na asitikisike. Kutotikisika huku umeshikwa na uchungu si kazi ndogo. Mama mkwe akasimama mbele yake, akamshika mabega, akamkumbatia kichwa tumboni kwake. Haiumi alisikia baridi ya dawa mgongoni. Kisha akasikia sauti karibu kabisa na sikio lake.

"Haiumi," Mama mkwe alisema.

"Inauma, Mama."

"Najua."

Dakika kumi na tano baadaye mguu wa kushoto ulikuwa umekwenda zake. Wa kulia ulikuwa macho, na kila kitu upande wa kulia kilikuwa macho pamoja nao. Haiumi alizaliwa upya kama mgonjwa. "Daktari, bado nasikia," alisema. "Upande huu."

Yule kijana akamgusa, akatabasamu kwa upole wa kuaminika kabisa. "Hayo siyo maumivu, dada. Unasikia kusukumwa tu."

Haiumi alimkodolea macho. Aliiona miaka tisa ikipita mbele yake, foleni ya watu wenye vitambaa shingoni, wote wamejikunja, wote wamenyamazishwa kwa sentensi hii hii. Aliwaonea huruma ghafla, mmoja mmoja, hasa yule mzee wa machozi masikioni.

"Mwanangu," alimwambia daktari, "maneno hayo ni yangu. Nimelipwa mshahara kwa hayo. Sasa nisikilize mimi: nasikia, na ni maumivu."

Kijana akaacha kutabasamu, akamgeuza alalie upande wa kulia, akaongeza dawa. Baada ya muda upande wa pili nao ukalala, na Haiumi akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Mkunga alimwambia lini asukume, akasukuma. Saa kumi na robo jioni mtoto wa kike alitoka akiwa amekunja uso, akapiga kelele kwa niaba ya ukoo mzima.

"Nusu yake kazaliwa kwa uchungu," Mama mkwe alimtangazia mwanawe kwenye korido. "Upande wa kulia. Nilikuwepo." Fundi wa viyoyozi alikuwa analia na kuitikia kila neno.

Wakamweka mtoto kifuani. Haiumi alimtazama. Alikuwa na nywele nyingi, sikio moja limekunjika, na kucha zilizohitaji kukatwa. Alikuwa mzuri. Haiumi akangoja. Alingoja kitu kimpasue, kimwangushe, kama wanavyosimulia wengine, na kilichokuja kilikuwa utulivu na njaa. "Karibu," alimwambia mtoto, na mara akajisikia akimkaribisha mgeni. Aligeuza uso ukutani, akawaambia amechoka, na machozi aliyoyatoa hapo hayakuwa ya furaha, ingawa kila mtu aliyaelewa hivyo.

Asubuhi iliyofuata, dirisha likiwa wazi na Mama mkwe akimenya chungwa kando ya kitanda, nesi aliingia akisukuma kitoroli. Chanjo. Alikuwa na haraka ya mtu mwenye vitanda kumi na vinne mbele yake. Akaufunua mkono wa mtoto, mkono wenyewe hata kidole gumba cha Haiumi kiliuzidi, akaupangusa kwa pamba. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo.

"Haiumi," nesi akasema, kwa yeyote aliyekuwa anasikiliza.

Sindano ikaingia. Mtoto alifumbua macho. Kwa nukta moja hakulia, alishangaa tu, alimtazama mama yake moja kwa moja kama anayeuliza ni nani aliyeruhusu hili. Kisha akapasuka.

Haiumi alikuwa ameshasimama. Mwanamke aliyejifungua jana, mwenye miguu iliyorudishiwa hisia saa chache tu zilizopita, alikuwa wima kati ya kitoroli na mwanawe, mtoto kifuani, mkono mmoja umekinga kichwa, na hakuna aliyemwona akiinuka, hata yeye mwenyewe.

"Inauma," alimwambia nesi. "Humwoni? Inamuuma. Mwambie ukweli kwanza."

"Ana siku moja, dada," nesi akasema.

"Mwambie hivyo hivyo."

Nesi alimtazama mwanamke huyu aliyelowa machozi mpaka shingoni, akamgeukia mtoto, akasema kwa heshima zote, "Itauma kidogo, mama. Na imeshapita." Akasukuma kitoroli chake taratibu kuliko alivyoingia nacho.

Haiumi alibaki amesimama, akimpuliza mtoto pale palipochomwa, ingawa yeye wa kliniki alijua vizuri kwamba kupuliza hakusaidii kitu. Lile tone dogo la damu lilimuuma kuliko saa nne za jana, kuliko upande wa kulia, na alilihisi lote, halikumpunguka hata chembe. Mama mkwe alikuwa ameacha kumenya chungwa.

"Nani yule," Mama mkwe akauliza, akitazama dirishani, "aliyesema kwamba ukimzaa kwa ganzi utamtazama kama mgeni?"

"Ni wewe, Mama. Pale chini ya kliniki, kwenye duka la rangi."

Mama mkwe akafikiri. Akajigusa shavu, upande lilipokuwa lile gego.

"Siku ile nilikuwa na ganzi mdomoni," alisema. "Sikuwa nasikia ninachosema." Akaligawa chungwa, akampa nusu kubwa.